Binti yangu wa miezi 9: ni yapi ya kutazama na kuandika katika umri huu?

Baba wa Kisauni ameuliza:

Assalamu alaikum, wazazi wenzangu. Binti yetu wa kwanza anakaribia kutimiza miezi 9, na tangu azaliwe nimekuwa nikiandika katika daftari kila jambo jipya ninaloliona kwake, kwa kuwa kazi yangu ya zamu bandarini hunipa asubuhi nyingi za kukaa naye wakati mama yake yuko kazini. Naandika haya nikiwa na furaha kubwa, na pia nina swali ambalo ningependa waliolea kabla yangu wanisaidie kulijibu.

Miezi ya mwanzo macho yake hayakutaka kitu isipokuwa feni ya darini. Alikuwa akilazwa chali juu ya mkeka, anaitazama inavyozunguka mpaka miguu yote miwili inaanza kupiga hewa, na umeme ukikatika anakunja uso na kuangaza macho huku na huko mpaka urudi. Baadaye akawagundua kunguru. Nje ya dirisha letu pana mwarobaini, na kunguru wa Mombasa, kama mjuavyo, hawana haya. Wakianza kelele zao huacha alichokuwa akifanya, hugeuza kichwa, kisha huwajibu kwa sauti ya kooni ambayo hamtolei mtu yeyote mwingine nyumbani. Adhana ya adhuhuri huisikiliza kwa namna nyingine kabisa, ametulia, mdomo wazi kidogo, mpaka imalizike.

Sasa kazi yake kubwa ni kuangusha kijiko. Nampa kijiko cha mbao akiwa kitini pake, anakigeuzageuza, anakihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, anakitia mdomoni, kisha anaunyoosha mkono nje ya kiti na kukiachia. Huinama akatazama kilipoangukia. Nikimrudishia hukiachia tena, safari hii upande wa pili, na husikiliza mlio wake sakafuni. Kikiangukia juu ya mkeka, pasiwe na mlio wowote, hunitazama mimi. Nikikifunika kijiko hicho kwa leso ya mama yake, siku hizi huifunua leso na kukichukua, jambo ambalo hapo nyuma hakulifanya, kwani kitu kikishafunikwa alikuwa akikiacha na kutafuta kingine. Na juzi, mbele ya kioo cha kabati, nilisimama nyuma yake nikamwita. Aliitazama sura yangu ndani ya kioo, akacheka, halafu akageuka kunitafuta nilipokuwa nimesimama hasa. Sijui niiandike vipi furaha niliyoipata pale.

Swali langu ni hili. Binti yetu hatambai kwa mikono na magoti. Anasota kwa kitako, mguu mmoja ameukunja na mwingine akisukumia sakafu, na kwa mwendo huo hufika jikoni kabla yangu. Jamaa wanaokuja kutuamkia huuliza kwa nini hatambai, na mmoja wao ameahidi kumnunulia kigari cha kutembelea. Je, kusota ni njia kamili ya ukuaji, au kuna jambo tunalopaswa kumfundisha? Na katika miezi hii inayokuja, ni mambo gani ambayo mzazi asipoyajua huweza kupita mbele ya macho yake asiyaone? Sina nia ya kumharakisha. Nataka tu nisimkose anapofika.

Muuguzi Mstaafu, Tudor:

Wa alaikum salaam, mwanangu. Mungu akukuzie. Nimefanya kazi katika kliniki za watoto za mji huu kwa muda mrefu wa maisha yangu, na watoto wanaosota kwa kitako nimewaona wengi, wakiwamo ambao leo huja kunisalimia wakiwa na watoto wao.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji ambavyo ndani yake mna hatua sita za mwili, zilizotokana na kuwafuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ninachokipenda katika viwango hivyo ni kwamba havitaji siku moja ya kila hatua, bali hutaja muda mrefu ambao watoto wenye afya njema huifikia. Kukaa kitako bila kushikwa huanzia miezi 3.8 hadi 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti huanzia miezi 5.2 hadi 13.5. Kutembea peke yake huanzia miezi 8.2 hadi 17.6, na utaona mwenyewe kuwa watoto wawili wazima kabisa wanaweza kupishana kwa zaidi ya miezi 9 katika jambo hilo moja. Zaidi ya hayo, asilimia 4.3 ya watoto hao hawakuonekana wakitambaa hata mara moja, na bado walisimama na kutembea. Kwa hiyo wajibu jamaa zako kwa adabu na kwa utulivu: binti anakwenda, na njia ya kwenda ameichagua mwenyewe.

Wanaosota mara nyingi huchelewa kidogo kutembea kuliko wenzao, na jambo hili huonekana kufuatana katika familia, hivyo muulize mama yako na mama mkwe wako nani katika ukoo alisota. Unachopaswa kukitazama kliniki na nyumbani ni kingine: kwamba anatumia mikono yote miwili, kwamba miguu yote miwili ina nguvu na hakuna upande uliokakamaa au uliolegea, kwamba hugeuka akiitwa jina lake, na kwamba hutoa sauti za kurudiarudia kama *bababa* na *dadada*. Kama mojawapo ya haya halipo katika umri huu, usingoje, mpeleke akaangaliwe. Kwa maelezo yako sioni la kukutia wasiwasi. Anahamisha kijiko kutoka mkono hadi mkono, na hilo pekee lingenifurahisha kama ningekuwa ndiye ninayemwandikia katika kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto.

Kuhusu kigari, nakuomba ukikatae. Hakimharakishi mtoto kutembea, na humfikisha mahali ambapo akili yake bado haijajua hatari yake: penye jiko, penye waya wa birika, penye kichwa cha ngazi. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya watoto walioanguka ngazini, na ngazi za nyumba zetu nyingi, hasa za Mji wa Kale, zinavyosimama wima mnazijua. Mpe sakafu safi, mpe muda wa kulala kifudifudi huku wewe umelala mbele yake mkitazamana, na mpe stuli nzito ya kushikilia atakapotaka kujiinua.

Jambo moja litakalokuja karibuni, kama halijafika, ni kuokota kitu kidogo kwa ncha za kidole gumba na kidole cha shahada. Mpaka sasa amekuwa akikusanya vitu kwa kiganja chote; siku moja utamwona ameinamia punje ya wali, amekaza macho, anaikaribia kwa vidole viwili, na kuiinua. Hiyo ni hatua kubwa. Andika ukurasa mzima. Lakini tangu siku hiyo piga magoti ukague sakafu kwa urefu wa macho yake, maana kila atakachokiokota kitakwenda mdomoni. Nyumba za huku huwa na mabuyu, njugu, kokwa za kunazi na shanga zilizokatika, na vyote hivyo vinaweza kumpalia mtoto.

Mwalimu wa Majengo:

Ndugu yangu, nimesoma habari ya kioo mara mbili kwa sababu inakaribiana sana na jambo lililoandikwa na mzazi mwingine zamani. Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipompata mtoto wake wa kwanza mwishoni mwa mwaka 1839 alianza kuandika kila alichokiona kwake, na maandishi hayo akayachapisha mwaka 1877 katika jarida liitwalo *Mind*. Anaeleza kuwa mtoto huyo, akiwa na miezi minne na nusu, alizichekea sura mbili ndani ya kioo, yake na ya baba yake, kisha akashangaa kuisikia sauti ya baba ikitoka nyuma yake. Anaeleza pia kuwa alipotimiza mwaka mmoja alijitungia neno lake la chakula. Mtu aliyeandika juu ya viumbe vya dunia nzima aliona kuwa kitoto chake mwenyewe kinastahili uangalifu uleule, na ndiyo sababu naliheshimu daftari lako.

Habari ya leso nayo ina historia yake. Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980, aliwatazama watoto wake watatu kwa makini na akaona kuwa mtoto wa miezi michache hakitafuti kitu kilichofichwa hata kama alikuwa akikitamani, na kwamba kutafuta huanza karibu na miezi 8. Akahitimisha kuwa kabla ya hapo, kwa mtoto, kitu kisichoonekana hakipo. Watafiti waliokuja baadaye, akiwamo Renée Baillargeon, walipima muda ambao watoto wadogo zaidi hukodolea macho jambo lisilowezekana, wakaona kuwa hata mtoto wa miezi 5 huonekana kutarajia kitu kilichozibwa kiendelee kuwapo. Mimi naona wote wawili wanatusaidia. Huenda binti yako alikuwa akijua zamani kuwa kijiko kiko chini ya leso, ila mikono na subira yake havikuwa vimeiva kumwezesha kukifuata. Au huenda siku ile uliyoiandika ndiyo siku aliyojua. Vyovyote iwavyo, sasa jaribu jambo jingine. Weka leso mbili. Kifiche kijiko chini ya ya kwanza mara kadhaa naye akipate, kisha mbele ya macho yake kihamishie chini ya ya pili. Watoto wengi wa umri wake huendelea kuifunua leso ya kwanza, ingawa wameona kila kitu. Utazame uso wake wakati huo. Baada ya miezi michache hatakubali tena.

Nakushauri kuhusu namna ya kuandika pia. Usiandike tu kuwa "leo ameangusha kijiko", bali andika alivyofanya kabla na baada, nani alikuwepo, na kama alikutazama. Wewe tayari umelifanya hilo ulipoandika kuwa kijiko kikianguka juu ya mkeka pasipo mlio hukutazama. Ametarajia sauti, hakuisikia, akageukia mtu ambaye labda anajua sababu. Sioni tofauti kubwa kati ya hapo na mwanafunzi anayeinua mkono darasani.

Mama wa Wawili, Likoni:

Kaka yangu, hongera sana, na umpe mama yake salamu zangu. Waliotangulia wamesema mengi juu ya mikono na miguu. Mimi nataka kukuomba umsikilize na umtazame anavyonyoosha kidole, kwa sababu kwa binti yangu mdogo hapo ndipo nilipoguswa kuliko mahali pengine popote.

Kati ya miezi 9 na 14 hivi, watoto wengi huanza kuonyesha vitu kwa kidole. Mwanzoni unaweza kudhani kila mara anataka apewe kitu, na mara nyingine ni kweli. Lakini kuna kuonyesha kwa namna ya pili, na Elizabeth Bates pamoja na wenzake walizitenganisha namna hizo mbili katika utafiti wa mwaka 1975: mtoto huonyesha kitu asichokihitaji, kisha hukugeukia aone kama nawe umekitazama. Tulikuwa ndani ya feri tukivuka kwenda kisiwani, nimempakata, na meli kubwa ya makontena inaingia bandarini. Aliinyooshea kidole, akanitazama, akaitazama meli tena. Hakuwa akiitaka meli. Alitaka tuwe wawili tunaoiona. Nilimwambia, "Naam, mwanangu, ni meli, meli kubwa inaingia," naye akashusha mkono ameridhika, na nadhani maneno yake mengi ya kwanza yalipatikana kwa mtindo huo, yaani yeye akionyesha nami nikitaja.

Kwa hiyo binti yako akianza kuwaonyesha wale kunguru, mjibu. Mtajie kunguru, taja wanachokifanya, taja mti. Kwetu mama mkwe humsemesha kwa Kidigo na mimi kwa Kiswahili, na watu walituonya kuwa tutamchanganya, haikuwa hivyo. Masikio ya watoto ni mapana kuliko yetu. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, waliokuwa wakifanya utafiti Canada, walionyesha kuwa watoto wa miezi 6 hadi 8 wanaolelewa katika Kiingereza huzitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa Kiingereza hawazisikii tofauti yake, na kwamba uwezo huo huwa umepungua sana wanapokaribia mwaka mmoja, kwa sababu sikio limekwisha kuzama katika lugha ya nyumbani. Ninyi mkiwa na mzee anayesema Kimvita safi, chenye zile *t* mbili ambazo wengi wetu tuliokulia bara au tuliosomea shuleni hatuzitenganishi, mkalisheni mtoto karibu naye sasa. Huu ndio wakati wake.

Bibi wa Mji wa Kale:

Mwanangu, Mungu akuhifadhie binti yako na akulipe kwa kumkalia. Zamani baba wa mtoto mchanga alikuwa akimwona akishaogeshwa na kupakwa mafuta, akampakata kidogo, akarudi barazani. Nafurahi kuona kijana anayejua mtoto wake anasikilizaje adhana.

Ninalo jambo moja la kumwambia mwalimu kwa heshima zote. Hizo leso mbili ni nzuri, lakini mtoto asije akafanywa wa kujaribiwa kutwa. Umri huu anapenda jambo lilelile lirudiwe vilevile, na katika kurudia huko ndimo anamojifunza. Nimeongoa watoto na wajukuu kwa nyimbo zilezile nilizoongolewa kwazo, na nimeona kuwa mtoto wa miezi 8 au 9 huijua sehemu inayokuja. Ukifika mahali pa kumtikisa au kumpiga makofi ya viganja, yeye huanza kucheka kabla hujafika. Ukinyamaza kidogo kabla ya neno hilo, atakutazama midomo na kuujaza wimbo kwa mwili wake. Hilo nalo liandike, kwa sababu ni kumbukumbu yake inafanya kazi, ingawa hana neno hata moja.

Na atakaposimama dede kwa mara ya kwanza, msimshangilie kwa kelele. Nimewaona wengi waliokaa chini kwa fadhaa ya vifijo, wakakataa kusimama tena siku hiyo. Keti sakafuni, mbali kiasi cha urefu wa mkono wako, nyamaza, umwache ajisikie miguu yake.

Kama mnampaka wanja, muacheni na macho yake meupe. Wanja mwingi wa kununua una madini ya risasi, na risasi hudhuru akili ya mtoto inapokua. Mimi nilipaka wanangu kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa. Wajukuu hawakupakwa, na uzuri wao haukupungua.

Baba wa Kisauni:

Nawashukuru nyote, wazee wangu na ndugu zangu, kwa majibu ambayo nimeyasoma pamoja na mke wangu zaidi ya mara moja. Kigari tumekikataa, na jamaa yetu amekubali kumnunulia mkeka mpana badala yake. Mabuyu yamehamia kwenye kopo lenye mfuniko juu ya kabati.

Nilimpigia simu mama yangu kumuuliza kuhusu ukoo, kama Muuguzi alivyoshauri, na akacheka kwa muda mrefu kabla ya kunijibu kuwa shangazi yangu mkubwa alisota kwa kitako uani mpaka akapita mwaka, tena kwa mguu uleule wa kushoto, na kwamba babu alikuwa akimwekea kitambaa chini asichubuke. Sasa anataka kuja kumwona mjukuu wake anavyokwenda, na shangazi amesema atafuatana naye.

Leso mbili tulizijaribu mara moja tu, kwa kumsikiliza Bibi. Aliifunua ya kwanza, akakuta mkeka mtupu, akaupapasa, akanitazama. Kisha akaichukua leso yenyewe akaanza kuitafuna, na kijiko akakisahau kabisa. Nimeiandika hivyo hivyo, pamoja na saa na upande aliokuwa ameketi. Kunyoosha kidole bado, ila mkono mzima huuinua kuelekea dirishani kunguru wanapotua, na tangu nisome maneno ya Mama wa Wawili namjibu kila mara, nikiwataja.

Wiki ijayo tunampeleka kliniki kwa chanjo ya surua na rubela ya miezi 9, na nitamwomba muuguzi wa pale aiangalie miguu yote miwili na kuandika katika kijitabu kuwa binti anasota. Shangazi akishafika nitawaambia nani amemshinda mwenzake kufika jikoni.